Nani Aliliziba Lile Paa?

Somo: Marko 2:1–12



Padre ameniomba niandike neno la mwezi huu, naye hakunipa somo. Alisema tu, "Mwalimu, andika juu ya jambo unalolijua." Basi nimekaa siku tatu nikitafuta jambo ninalolijua. Nimefundisha hesabu na Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, lakini hayo hayatawafaa sana siku ya Jumapili. Jambo lililonikaa rohoni tangu mvua za vuli ni nyumba. Sisemi juu ya kanisa letu la mawe kule Magila, ambalo wageni hulipiga picha. Nasema juu ya nyumba za miti na udongo, ambazo wengi wetu tulizaliwa humo na ambazo siku hizi twaona haya kuzitaja.

Injili ya Marko yatueleza habari za mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne mpaka Kapernaumu. Nyumba alimokuwa Bwana ilijaa watu mpaka mlangoni, hata hawakupata njia ya kupita. Basi wale wanne wakapanda juu, wakalitoboa paa, wakamteremsha mgonjwa pamoja na kitanda chake mbele ya Yesu. Nilipokuwa mtoto sikuielewa habari hii hata kidogo. Nilifikiri paa la nyasi kama letu, na jinsi wale watu wangeteleza wakaanguka wote watano. Baadaye nilifundishwa kwamba nyumba za Kapernaumu zilikuwa na kuta za mawe meusi, na juu yake paa la kulala, lililofanywa kwa boriti za miti, kisha matawi na matete, kisha udongo uliosindiliwa. Kwa nje ilikuwapo ngazi ya kupandia. Kila mwaka, mvua zikikaribia, ilimpasa mwenye nyumba apande juu akaliweke udongo mpya, maana bila hivyo maji yangemshukia kitandani. Ndiyo maana Marko anasema habari ya kuchimba. Walichimba udongo, ndugu zangu. Waliokaa chini wakimsikiliza Bwana waliangukiwa na vumbi na mabonge ya udongo vichwani.

Wahubiri wengi wamesifu imani ya wale wanne, nao wamefanya vema. Lakini mimi, kwa kuwa nimezaliwa nyumba ya udongo, kila nisomapo habari hii hujiuliza swali moja ambalo Injili hailijibu. Mgonjwa alipojitwika kitanda chake akaenda zake, na watu walipokwisha kumtukuza Mungu wakatawanyika, ni nani aliyeliziba lile paa?

Tuliache tundu hilo wazi kwa muda, nami niwapeleke kwenye nyumba nyingine.

Mama yangu alikuwa na bati la biskuti, aliloachiwa na bibi mmoja muuguzi wa misheni aliporudi kwao Uingereza. Ndani yake aliweka kadi zetu za ubatizo, sindano na nyuzi. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya nyumba. Kuta zake zilikuwa nyeupe, zenye miti mieusi iliyosimama na mingine iliyolala, na mingine imekwenda mshazari. Paa lake la nyasi nene limeshuka mpaka karibu na madirisha, na maua mlangoni. Sisi watoto tulijua hakika kwamba hiyo ni nyumba ya mfalme. Dada yangu alisema ndiyo mfano wa makao ya mbinguni, na mimi sikubisha.

Mwaka 1979 nilipokwenda chuo cha ualimu, mama alinipa bati lile niwekee kalamu. Mkufunzi wetu mmoja, Mwingereza, aliliona mezani akacheka. Akaniuliza, "Unajua kuta hizo zimejengwa kwa kitu gani?" Nikamjibu, "Kwa saruji, bwana." Akasema, "La. Ni fito na udongo na mavi ya ng'ombe." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikadhani ananidhihaki kwa sababu ya kwetu. Nilikasirika kwa muda wa juma zima.

Lakini alisema kweli. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za nyumba hizo kwa utaratibu, na kila ukurasa nilioufunua nilimwona baba yangu akijenga. Waingereza wa zamani walikata mti wa mwaloni, nao waliutumia ungali mbichi, kwa maana mwaloni mkavu ni mgumu mno kwa patasi. Fundi aliyachonga magogo chini, uwanjani mwake. Mti mmoja aliuchonga ulimi, mwingine akautoboa tundu. Ulimi ukaingia katika tundu, kisha akapigilia kigingi cha mti. Hawakutumia misumari ya chuma katika maungo hayo. Kila kiungo kilitiwa alama ya namba, ili miti ikichukuliwa hadi kiwanjani kila ulimi ulikute tundu lake. Mwaloni ulipoendelea kukauka ulijipinda na kukaza viungo vyake wenyewe, na kwa hiyo nyumba nyingi za namna hiyo zimekwenda upande kidogo, lakini hazianguki. Katikati ya miti hiyo walisuka vijiti vyembamba, wakavikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, samadi na manyoya ya wanyama, kisha wakapaka chokaa. Hata ule weusi wa miti niliouona katika bati si wa asili sana. Wengi waliitia miti rangi nyeusi baadaye, katika karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa tu ukageuka rangi ya kijivu.

Ipo nyumba moja ya namna hiyo katika kijiji cha Shottery, karibu na mji wa Stratford, ambayo hutembelewa na watu wa mataifa yote. Humo alilelewa Anne Hathaway, ambaye mwaka 1582 aliolewa na William Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria michezo yake miwili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Sehemu zake za kwanza ni za karne ya 15. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka mia tano, ni miti, na udongo, na nyasi. Mwaka 1969 iliungua moto, sehemu yake ikaharibika vibaya, nayo ikatengenezwa tena. Watu wa ukoo ule ule waliishi humo mpaka karne ya 19.

Basi nikajiuliza kwa nini udongo wa Shottery ukae miaka mia tano, na udongo wa Amani ushindwe kukaa miaka ishirini. Je, Mungu aliwapa wao udongo mwingine?

Sehemu ya jibu ni mchwa, ambao kule hawapo, na mvua. Amani, kama mjuavyo, hupata mvua ya karibu milimita elfu mbili kwa mwaka, na mwezi usio na mvua kabisa ni nadra. Lakini hiyo si sababu yote. Tazameni miguu ya nyumba ile. Hawakuzika nguzo katika ardhi. Walijenga kwanza ukuta mfupi wa mawe, juu yake wakalaza gogo, na nguzo zikasimama juu ya gogo hilo; maji ya ardhini hayakuzipata. Tazameni na kichwa chake: paa limetoka nje mbali, ili mvua ishukie uwanjani isiupige ukuta. Watu wa Devon, ambao hujenga kwa udongo mtupu bila miti, husema kwamba nyumba ya udongo haitaki kitu ila kofia nzuri na viatu vizuri. Nyasi za paa hubadilishwa zikichoka. Chokaa hupakwa tena. Udongo ukidondoka hukandikwa. Mti uliooza mguu hukatwa pale palipooza, ukaungwa kipande kipya, na ule mti wa zamani ukaendelea na kazi yake. Hiyo miaka mia tano si ya udongo mmoja, ndugu zangu. Udongo umebadilishwa mara nyingi, na nyasi mara nyingi zaidi. Kilichodumu ni mifupa, na desturi ya watu ya kuitazama.

Nao pia waliona haya, msidhani ni sisi tu. Katika karne ya 18 Waingereza wengi waliokuwa na uwezo waliziona nyumba hizo kuwa ni za kimaskini. Mwenye fedha kidogo alijenga ukuta wa matofali kwa mbele, ili apitaye njiani adhani nyumba yote ni ya matofali. Nyuma ilibaki miti na udongo ule ule. Mpaka leo huko hugunduliwa nyumba za miti zilizofichwa nyuma ya matofali. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kwani naijua nyumba moja hapa Amani iliyopigwa lipu ya saruji upande wa barabarani tu. (Mwenyewe akisoma haya asinikasirikie, ni yangu.) Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kuyatetea majengo ya kale, wakiwataka watu wayatunze kila siku, kuliko kungoja yaharibike ndipo yajengwe upya kwa kelele nyingi. Maneno hayo yangetufaa hata katika mambo ya roho.

Sasa turudi kwetu. Kijana wa siku hizi akiona nyumba ya miti na udongo hudhani ni tope lililorundikwa. Hajui elimu iliyomo. Baba yangu alipojenga, mimi nikiwa mdogo wa kushika fito tu, alikwenda kukata miti mwezi ukiwa giza, akisema dumuzi hawaiingii. Alichagua miti migumu, akaimenya magamba yote. Kisha alikoka moto, akaichoma miguu ya nguzo mpaka ikawa kama mkaa kwa nje, kimo cha goti, ili mchwa na unyevu wasiipende. Katika kila shimo aliweka kwanza mawe, akasimamisha nguzo juu yake, akashindilia mawe mengine pande zote. Nguzo za pembe zilitangulia, kisha miimo ya mlango, kisha zile za kati. Juu akalaza mtambaapanya kuzifunga nguzo zote pamoja, akapandisha mwamba, akashusha makombamoyo. Alitembea juu ya mtambaapanya kama apitaye barabarani, naye mama akafumba macho. Fito zilifungwa ndani na nje kwa kamba, na nafasi ya katikati ikajazwa mawe madogo na udongo.

Siku ya kukandika ilikuwa siku kuu. Mama walichota maji tangu alfajiri. Watoto tuliukanyaga udongo kwa miguu mpaka ukalainika, na hakuna mzazi aliyetukemea kwa kuchafuka. Wanaume waliyarusha mabonge, wanawake wakayapapasa kwa viganja, na mpaka leo naweza kukuonyesha kwa mkono jinsi mama alivyokuwa akikaza kiganja chini na kukipandisha juu. Udongo wa kwanza uliachwa upasuke. Wa pili ulijaza nyufa. Wa tatu ulikuwa mwembamba, uliochanganywa na samadi. Palikuwa na makande, na kwa wale waliopenda palikuwa na dengelua, wala Padre wa siku zile hakuuliza. Waliokuja msaragambo ule hawakulipwa hata senti moja. Kila aliyekandika ukuta wetu alijua kwamba mwaka wa pili na sisi tutakuwa kwenye ukuta wake.

Wamisionari wa kwanza waliokuja huku walilala katika nyumba kama hizo, kabla mawe ya Magila hayajapandana. Imani yetu katika nchi hii ilianzia chini ya paa la nyasi.

Sasa nifikie jambo ambalo Padre hakunituma kuliandika, lakini sitaweza kuwahubiria habari za nyumba nikalificha.

Baba alifariki, na mama akabaki katika nyumba ile. Mimi nilipopata kazi na mshahara, nilijenga ya kwangu, ya matofali ya saruji na mabati, umbali wa mwendo wa dakika kumi. Nilimwambia mama ahamie kwangu. Akakataa. Nikamwambia mara ya pili na ya tatu. Akasema, "Nyumba ya baba yako haijanifukuza." Nami nilikuwa mwalimu, nimezoea kutiiwa. Mwaka 1990, wakati wa likizo ya Krismasi, nguzo ya pembe ya upande wa jikoni ilikuwa imelegea. Mama akaniomba niibadilishe. Nilifanya kazi hiyo kwa siku moja, huku nina hasira. Nilikata mti wa muhesi uliokuwa karibu na njia. Mnaujua muhesi: ni mti wa kuletwa, uliopandwa hapa Amani zamani za utafiti ukasambaa msituni, hukua upesi na huoza upesi. Sikuumenya vizuri. Sikuuchoma mguu. Sikuweka mawe shimoni. Nikasema moyoni, itashika mpaka atakapochoka mwenyewe ahamie kwangu.

Tangu hapo sikutia mkono wala shilingi katika nyumba ile. Nilipokuwa nikipita nilimwona mama, mwanamke aliyekwisha pinda mgongo, akikandika ukuta pamoja na wajukuu, yaani watoto wangu mwenyewe, ambao walikwenda bila kuniambia. Nilimwamkia nikapita. Jumapili nilisoma somo kanisani kwa sauti nzuri.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilianza zile mvua za El Nino, ambazo nyote mnaozidi miaka arobaini mnazikumbuka. Januari 1998, usiku, pembe ile ilikwenda chini. Ukuta wa jikoni ulianguka kwa ndani, na kipande cha paa juu yake. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Alitoka gizani akajikwaa katika udongo ulioanguka, akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, nao walimhudumia wawezavyo, lakini hakutembea tena.

Basi alihamia kwangu, kama nilivyotaka. Alikaa miaka mitatu katika chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha la kioo. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini watu walipomjia kumtazama na kumwuliza anakaa wapi siku hizi, alikuwa akijibu, "Nakaa nyumbani kwa mwalimu." Hakusema kwa mwanangu. Hakusema kwetu.

Nilikwenda kuibomoa ile nyumba iliyobaki, ili isimwangukie mtoto. Nilidhani nitaisukuma kwa mkono. Ilinichukua siku nne na vijana wawili. Mtambaapanya ulikuwa mzima. Mwamba ulikuwa mzima. Nguzo za baba, nilipozing'oa, miguu yake ilikuwa bado myeusi kwa moto aliouwasha yeye, na mawe yamezikumbatia. Nguzo iliyooza ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. Ilivunjika mikononi mwangu kama muhogo uliochemka. Kuibadilisha tena kungenichukua nusu siku.

Mhubiri asema, katika mlango wa kumi, aya ya kumi na nane, kwamba uvivu hulegeza paa, na mikono isiyofanya kazi huifanya nyumba ivuje. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo katika Shule ya Jumapili. Lakini mimi sikuwa mvivu, ndugu zangu. Nilikuwa na bidii nyingi, na nyumba yangu mwenyewe haikuvuja. Kilichonishika ni kiburi: niliona nyumba ya udongo haistahili kutengenezwa, na kumbe aliyekuwa ndani yake ndiye niliyekuwa nikimnyima nguzo. Katika Ayubu, mlango wa nne, Elifazi asema juu ya wanadamu wote kwamba wakaa katika nyumba za udongo ambazo msingi wake ni mavumbi. Elifazi alisema mengi yasiyofaa katika kitabu kile, lakini hili alilipata. Hakuna kati yetu aliye wa matofali.

Hapa Amani tunao ushahidi hata katika majengo makubwa. Wajerumani walianzisha chuo chao cha utafiti hapa mwaka 1902, nao walijenga reli ndogo kutoka Tengeni mpaka Sigi. Reli imekwisha ng'olewa zamani. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi ingalipo, nayo hutumiwa na watu wa hifadhi kupokelea wageni, kwa sababu walikuja watu wakaiona, wakaitengeneza. Reli nzima imekwisha na nyumba ya mtu mmoja imebaki.

Sasa niwarudishe Kapernaumu, maana tuliliacha paa wazi. Baadhi ya watu hudhani nyumba ile ilikuwa ya Simoni Petro. Ikiwa ndivyo, basi yuko na mkwewe, ambaye Marko ametuambia katika mlango wa kwanza kwamba alikuwa ametoka kupona homa. Mwanamke aliyepona homa juzi, amelala chini ya tundu la ukubwa wa kitanda, na umande wa ziwani unaingia. Injili iko kimya. Mimi nadhani, na hili ni wazo langu tu wala si mafundisho ya Kanisa, kwamba siku ya pili, alfajiri, walionekana watu watano wakipanda ile ngazi na ndoo za udongo. Watano, si wanne. Yule wa tano jana yake hakuweza hata kushika kikombe. Bwana alipomwambia ajitwike kitanda aende nyumbani kwake, alimpa viganja vyake tena. Naye sijui angevitumia kwa kazi gani ya kwanza iliyo njema kuliko hiyo.

Tena Bwana mwenyewe alikuwa fundi, mwana wa fundi. Neno la Kiyunani ambalo sisi twalisoma kuwa seremala lilitumika kwa mtu ajengaye, si kwa mwenye kutengeneza viti peke yake. Alijua paa ni kazi ya siku ngapi. Hata hivyo, walipolichimba juu ya kichwa chake hakuwakemea.

Katika mtaa wetu yuko bibi mmoja, mjane, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba nimtaje. Nyote mnaijua nyumba yake kwa sababu mwaipita mkienda Misa. Imeegemea upande wa bondeni. Nimekwenda kuitazama mara mbili baada ya vuli, nikaichokoa miguu ya nguzo kwa kisu. Nguzo mbili zimekwisha, moja ya pembe na moja ya mlango. Nyingine ni nzima kabisa. Wanawe wako Dar es Salaam, nao wamemwambia kama nilivyomwambia mama yangu: wasubiri wapate fedha wamjengee ya tofali. Huenda wakamjengea, nami nitafurahi. Lakini masika hayasubiri fedha, na machi hii hapa.

Nimesema na wazee wa kanisa, na Umoja wa Akina Mama wamekubali kupika. Miti hatutakata msituni. Msitu huo umehifadhiwa tangu mwaka 1997 na sheria ni sheria, wala hatutaanza kazi ya Mungu kwa kuiba. Mzee mmoja ametoa mikaratusi minne kutoka shamba lake, na fito zitapatikana katika mikabela ya shule. Safari hii tutafuata ufundi wa Shottery pamoja na wa baba zetu: mawe na saruji kidogo chini, nguzo juu yake, zisiguse udongo. Tutaongeza upenu wa upande wa bondeni kwa mabati mawili ili mvua isiupige ukuta. Vijana wa kwaya watakanyaga udongo, nao waje na nguo za kazi, si zile za kuimbia. Tutaanza Jumamosi ya pili ya mwezi, saa moja asubuhi, baada ya Misa ya alfajiri. Kila mtu na aje na ndoo yake.

Nguzo ya pembe nitaileta mimi. Nimekwisha imenya, na jana jioni nimeichoma mguu.